Mafuta ya Mgeni Rasmi

Makasha kumi na mawili ya mafuta ya kukinga jua yalifika Chigombwe Jumanne ya tarehe ishirini na nane Mei. Hilda, mtunza stoo wa halmashauri, aliyapokea mwenyewe, akayahesabu, akasaini, akayapanga juu ya mbao yasiguse sakafu, kisha akafunga mlango. Shirika lililoyatuma lilikuwa limeandika ubavuni mwa kila kasha kwamba ni ya watoto wenye ualbino, na kwamba yahifadhiwe mahali pa baridi. Watoto wenyewe walikuwa arobaini na mmoja wilaya nzima, majina yao yameorodheshwa, vijiji vyao vinajulikana. Kazi iliyobaki ilikuwa ya siku mbili tu, pikipiki na mtu wa kugawa. Mwenye akili zake angesema Ijumaa kila mtoto ana kopo lake mkononi.

Thubutu! Octavian, Afisa Maendeleo ya Jamii, alikuja stoo asubuhi ya pili yake, akayazunguka makasha, akayapiga picha kwa simu, akamwambia Hilda asitoe hata kopo moja. Msaada mkubwa namna ile, alisema, haugawiwi kimyakimya. Atatafutwa mgeni rasmi, yatafanyika makabidhiano, waandishi watakuwepo, watoto watakabidhiwa mbele ya wananchi. Hilda aliuliza itachukua muda gani, akajibiwa wiki moja, sana sana mbili. Akaona si mbaya.

Na hapo usimcheke Hilda, maana sote tumelelewa hivyo. Kisima kinachimbwa, maji yanatoka, na akina mama wanaendelea kwenda korongoni na ndoo kichwani kwa sababu utepe haujakatwa. Madawati yanarundikwa nyuma ya ofisi hadi yanaota vumbi, watoto wanaandikia mapajani, eti mheshimiwa hajapata nafasi. Hakuna sheria inayosema hivyo. Hakuna aliyewahi kuiona barua. Ni mazoea tu, na tumeyaogopa mazoea hayo kuliko tunavyomwogopa Mungu.

Sasa jambo lenyewe ni hili: mmoja wa wale watoto arobaini na mmoja alikuwa Miriam, binti wa Hilda, wa darasa la tano. Kwa hiyo mwanamke huyu alikuwa na ufunguo wa mafuta mfukoni, na nyumbani ana mtoto anayeungua.

Miriam alikuwa na kidoa juu ya sikio la kushoto. Kilianza kama ganda dogo, kikibanduka kinarudi. Mwezi wa tano Sista Swaumu, muuguzi wa kliniki ya ngozi anayekuja Chigombwe kila mwezi, alikitazama kwa lenzi. Akamweleza Hilda kwamba bado hakijawa kitu kibaya, ila kinaweza kuwa. Apakwe mafuta kila asubuhi, apakwe tena kila baada ya saa mbili, avae kofia pana, asikae juani. Mafuta ya kliniki yalikuwa yamekwisha. Lakini yapo yanakuja, Sista akasema kwa furaha, msaada mkubwa unakuja kupitia halmashauri yenu.

Hilda akasema ndiyo, amesikia.

Wiki moja ikapita. Mgeni rasmi wa kwanza alipangiwa Siku ya Mazingira, mwezi wa sita, akapata safari. Wakasogeza hadi mwisho wa mwezi, ikawa Bunge linamalizia bajeti na wakubwa wote wako huko. Wakasogeza hadi Julai. Kila mara Octavian alikuja stoo na tarehe mpya, anatabasamu, na kila mara tarehe ilikuwa karibu kiasi kwamba kugombana kungeonekana ukorofi. Ndivyo miezi ilivyoliwa. Ungemwambia Hilda mwezi Mei kwamba atasubiri hadi Septemba, angevunja mlango kwa shoka. Lakini hakuna aliyemwambia miezi minne. Aliambiwa wiki ijayo, mara nane.

Na Julai ya huku kwetu inadanganya. Kipupwe kinavuma, watu wanavaa makoti asubuhi, na jua linaonekana limepoa. Sista Swaumu alikuwa akipiga kelele kila mwaka juu ya hilo: kinachochoma ngozi si joto, ni mionzi, na mionzi haijali upepo wa baridi. Tuko kwenye uwanda wa juu, hewa ni nyepesi, na siku hizi hata mawingu yamekuwa adimu. Baba yake Hilda alikuwa akipanda uwele Desemba na kujua atavuna. Sasa mvua inakuja siku tatu, inakwenda, anga linabaki jeupe kama sufuria iliyosuguliwa. Miti iliyokuwa njiani kwenda shule imeishia kwenye matanuri ya mkaa. Miriam alitembea kilomita moja na nusu kwenda na kurudi bila kivuli hata cha kuazima.

Hilda alinunua kopo moja Dodoma mjini, dogo, kwa bei ya kukufanya uketi chini. Walilipaka kwa ncha ya kidole, sikio na pua tu, likaisha kabla ya mwezi. La pili hakuliweza. Mumewe Gideoni, dereva wa lori la mahindi pale Kibaigwa, aliporudi Jumapili moja akaliona lile sikio, akamuuliza mkewe kama ana wazimu. Yeye ndiye mwenye ufunguo. Achukue moja tu, nani atajua?

Hilda alimjibu kwamba aliyemtangulia stoo alifukuzwa kazi kwa vyandarua, na kwamba naye alianza na kimoja tu. Alimjibu pia kwamba akichukua la Miriam, wale arobaini wengine atawachukulia nani ya kwao? Aliyasema kwa kujiamini, kichwa juu. Gideoni alitoka nje akakaa kwenye tairi la lori. Jumatatu akaondoka.

Basi na hilo lingeweza kumezwa kama si Anastazia. Huyu alikuwa mama wa kijiji cha mbali, ana mtoto wa miaka minne anayeitwa Seth, naye mwenye ualbino. Alikuja mwanzoni mwa Agosti, kwa miguu, mtoto mgongoni amefunikwa kanga mbili. Alikuwa amesikia mafuta yapo. Akapiga hodi mlangoni mwa stoo, akaamkia, akauliza kwa heshima kama anaweza kupata hata kidogo, kwenye kikopo alichokuja nacho. Alikuwa amekileta, kikopo cha zamani cha mafuta ya mgando, kimeoshwa kikatakata. Hilda akamwambia asubiri makabidhiano. Akasema hivyo akiwa amesimama mlangoni, na makasha yanaonekana nyuma yake.

Anastazia hakubisha. Alisema asante, akamfunika mtoto, akaondoka. Hilda aliingia ndani, akakaa juu ya gunia, akalia kwa hasira mpaka kamasi zikamtoka. Alikasirika na Octavian, akakasirika na wakubwa, lakini zaidi alijikasirikia mwenyewe, kwa jinsi sauti yake ilivyotoka tamu aliposema asubiri.

Kuna upuuzi mwingine, na huu nausema kwa meno yaliyoumana. Stoo ile zamani ilikuwa na kiyoyozi, kwa ajili ya dawa na chanjo za mifugo. Mwezi wa nne kilingʼolewa kikapelekwa ukumbi wa mikutano, maana wajumbe walilalamika joto. Fundi aliyekuja kukihamisha alilegeza nati ya bomba, gesi yote ikatoka kwa mlio mrefu ikapotelea angani, naye anavuta sigara pembeni. Gesi ya zamani ileile inayokula tabaka la ozoni. Ndani ya ukumbi huohuo, chini ya kiyoyozi hichohicho, ndiko walikokaa Agosti kuamua kwamba makabidhiano yaunganishwe na Siku ya Ozoni, tarehe kumi na sita Septemba, kwa kuwa mwezi wa nane wakubwa wote walikuwa kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane kule Nzuguni.

Stoo ikabaki bati tupu. Saa nane mchana ukiingia humo unahisi umefunikwa na blanketi. Hilda aliandika dokezo mwezi Juni, akaandika la pili Agosti, kwamba makopo yameandikwa yasizidi nyuzi thelathini na humu zinafika arobaini. La kwanza halikujibiwa. La pili lilirudi na maandishi ya kalamu ya kijani pembeni: Tuvumilie, makabidhiano yamekaribia.

Tarehe kumi na sita ilikuwa Jumatatu. Sherehe iliwekwa uwanja wa shule ya msingi. Turubai mbili zilifungwa, moja ya meza kuu na moja ya wageni waalikwa, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe na maua ya plastiki. Watoto wenye ualbino waliwekewa mabenchi katikati ya uwanja, mbele ya meza kuu. Katikati, juani. Turubai la tatu halikuwemo kwenye bajeti, na wapiga picha walisema kwenye kivuli sura hazitoki vizuri. Halafu, kwa kuwa pamoja na mafuta kulikuwa na kofia za kukabidhiwa, wazazi walitumiwa ujumbe kwamba watoto waje vichwa wazi, ili mgeni rasmi awavalishe.

Hilda alimpeleka Miriam na kofia yake hata hivyo, ile pana ya majani. Getini mwalimu wa zamu aliikusanya pamoja na nyingine akazitia kwenye kiroba. Hilda alikwenda kwa Octavian kuuliza. Akaambiwa mgeni anafika saa tatu kamili, shughuli ya watoto ni dakika ishirini, asiharibu mpangilio. Akarudi kwenye meza ya msaada aliyopangiwa kuisimamia, akasimama kando ya makasha chini ya turubai. Ndiyo, alikubali. Mara ya tisa.

Saa tatu ikafika. Saa nne. Kwaya iliimba nyimbo zake zote, ikaanza upya. Saa tano mshereheshaji alitangaza kwamba mgeni ameshapita Veyula. Saa sita akatangaza tena ameshapita Veyula. Watoto mabenchini walikuwa wameinamisha vichwa, wamefumba macho, mikono imefichwa kwapani. Watoto wakubwa waliwafunika wadogo kwa mikono yao. Anastazia alikuwa amechuchumaa nyuma ya benchi la mwisho, ameshika kanga juu ya Seth. Mgambo akamwambia aishushe, inawaziba walioko nyuma.

Miriam aligeuka akamtafuta mama yake kwa macho. Sikio lilikuwa limevimba, jekundu, na kile kidoa kimepasuka, damu imetiririka hadi kwenye kola ya shati la shule. Hakulia. Aliangalia tu, kisha akageuza uso akatazama mbele, kama alivyofundishwa.

Hapo Hilda akaigeukia meza. Alichukua kisu cha kukatia keki kilichokuwa mezani, maana kulikuwa na keki ya ozoni, jamani, keki ya bluu yenye dunia juu yake, akapasua utepe wa kasha la kwanza mbele ya watu wote. Octavian aliruka kutoka kwenye kiti. Hilda hakumtazama. Alitwaa makopo matatu, akavuka uwanja hadi kwa Miriam, akafungua kifuniko.

Yakamwagika maji. Maji ya manjano, na chini yake udongo mweupe uliogandamana, na harufu ya mafuta yaliyochacha. Akafungua la pili, vilevile. La tatu, vilevile. Alirudi mezani akipiga mbio, akafungua kasha la pili, la tano, la tisa, akimwaga viganjani, maji yakimtiririka hadi viwikoni. Miezi minne ya bati ilikuwa imeyapika yote.

Na ndipo ving'ora vikasikika barabarani.

Octavian alimfikia huku akifuta jasho. Mtu huyu hakuwa katili, na ndicho kinachoniudhi. Alikuwa mtu mwema mwenye hofu, na hofu yake imekula watoto wa watu. Alianza kurudisha makopo ndani ya kasha, akaminya utepe kwa viganja ushike.

"Picha tu, dada Hilda," alisema kwa sauti ya chini. "Awakabidhi, picha zipigwe, makopo tutayakusanya kesho."

Hilda alimwangalia. Kisha akaenda kwa mshereheshaji, akamnyang'anya kipaza sauti. Mgeni rasmi alikuwa ndiyo kwanza anaingia chini ya turubai, kijana mmoja wa ofisi yake akimkinga kwa mwavuli hatua zile kumi kutoka kwenye gari.

"Shikamoo, mheshimiwa," Hilda alisema. "Mafuta uliyokuja kutoa yameharibika. Yalifika Mei yakiwa mazima, na ufunguo wa stoo ninao mimi. Watoto hawa wako juani tangu saa mbili na nusu, bila kofia, wanakusubiri uje uwape mafuta ya jua."

Watu waligeuka kumtazama mgeni, wakingoja afoke. Hakufoka. Aliangalia mabenchi, akaangalia kofia mpya zilizopangwa mezani, akamgeukia msaidizi wake kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Alisema yeye aliombwa mwezi Agosti aje kuzungumzia ozoni, na hotuba yake iko mfukoni. Juu ya mafuta yanayomsubiri, ofisi yake haijawahi kupata barua.

"Nani aliwaambia mnisubiri mimi?" akauliza.

Octavian alimtazama mkurugenzi wa halmashauri. Mkurugenzi alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama keki. Mgeni alirudia swali, na hakuna aliyejibu, kwa sababu jibu lilikuwa hakuna. Hakuna aliyewaambia. Miezi minne walikuwa wanatii amri ambayo haikutolewa na mtu yeyote.

Hilda hakungoja hotuba. Alikwenda getini, akachukua kile kiroba cha kofia, akakimwaga katikati ya uwanja, watoto wakakimbilia. Akamshika Miriam mkono, na Anastazia akamfuata na Seth, na wazazi wengine nyuma yao, wakaingia darasani wakafunga madirisha. Kupitia ukutani walisikia hotuba ikisomwa hadi mwisho: tabaka la ozoni ni mwavuli wa dunia, linapona polepole kwa juhudi za mataifa, kila mmoja atimize wajibu wake. Kila neno lilikuwa la kweli. Hilda alikuwa anamlowanishia mtoto sikio kwa maji ya chupa.

Wiki iliyofuata hospitali ya Dodoma ilikata theluthi ya juu ya sikio la Miriam na kupeleka kipande maabara. Jibu lilirudi kuwa ni saratani, bado changa, na daktari anaamini wameitoa yote, ingawa ataangaliwa kila miezi mitatu. Hilda alimuuliza Sista Swaumu, mbele ya mlango wa wodi, kama ni ile miezi minne. Sista hakumdanganya. Alisema jua la miaka kumi na moja limo humo, na hawezi kuapa ni miezi ipi. Kisha akasema kwamba angetaka sana miezi ile minne irudi.

Barua ilimkuta wodini. Ilikuwa na muhuri, kumbukumbu namba, na lugha iliyopigwa pasi. Ilimtuhumu kufungua mali ya umma kabla ya makabidhiano rasmi, bila idhini, mbele ya hadhara, na kuiaibisha halmashauri. Ilimtaka ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu. Juu ya mafuta yaliyoharibika haikusema neno hata moja.

Gideoni aliisoma akataka kuichana. Hilda alimzuia. Aliomba karatasi kwa wauguzi, akaiweka juu ya sinia la chakula, Miriam amelala pembeni na bandeji kichwani, akaandika jina lake, cheo chake na tarehe, kama inavyotakiwa. Halafu akaandika hivi:

"Ni kweli nilifungua makasha bila idhini. Nakiri kosa. Kosa langu ni kwamba niliyafungua Septemba, na ufunguo nilikuwa nao tangu Mei."